Vita vya majini, uvamizi wa pwani na tufani za Bahari ya Hindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya huulizwa na walimu, wanafunzi na watu wanaotafuta habari za mababu zao kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni. Mengi yanahusu Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyotoka baharini vikaja mpaka kwetu.

Sisi ni watu wa bara. Vita vya baharini vinatuhusu nini?

Vinatuhusu kwa sababu ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Tangu hapo, kilichoshushwa gatini Dar es Salaam kiliweza kufika Ziwa Tanganyika kwa kupita stesheni ya Dodoma. Mizinga iliyotolewa kwenye manowari ilisafirishwa kwa reli hii, na mmojawapo ulifyatuliwa Kondoa. Nafaka na ng'ombe wa Ugogo nao walichukuliwa kulisha majeshi. Tutaeleza yote hayo hapa chini.

Königsberg ilikuwa meli ya aina gani?

Ilikuwa manowari nyepesi ya Ujerumani, urefu wake mita 115 hivi, yenye mizinga 10 ya milimita 105. Ilipangwa mizinga mitano kila ubavu kwa hesabu ya kupiga: meli ikikupa ubavu, mitano ndiyo iliyoweza kukulenga kwa pamoja. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914 na ikatoka Julai 31, siku chache kabla Uingereza haijatangaza vita, ili isizingirwe bandarini. Agosti 6 iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na Omani.

Adui yake mkubwa tangu mwanzo alikuwa makaa ya mawe. Manowari ya aina ile inakula makaa usiku na mchana, na Waingereza walikuwa wameshanunua akiba zote walizoweza kuzifikia katika bandari za jirani.

Iliwezaje kuizamisha Pegasus ndani ya bandari ya Zanzibar?

Alfajiri ya Septemba 20, 1914 mambo matatu yalikutana.

La kwanza, Pegasus, manowari ya Kiingereza, ilikuwa imesimama kutengeneza mitambo. Meli ya mvuke ikizima moto wa boila haiwezi kung'oa nanga na kuondoka papo hapo, maana inahitaji saa kadhaa kupandisha mvuke. Ilikuwa kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

La pili ni mizinga. Pegasus ilikuwa na mizinga minane ya inchi 4, lakini ya kizamani. Königsberg ilisimama umbali ambao yenyewe inafikisha risasi na mwenzake hafikishi. Ndani ya dakika chache mizinga ya Pegasus ilinyamaza. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na mchana ule meli ikapinduka na kuzama.

La tatu ni mwezi, na mara nyingi linasahaulika. Agosti 21, 1914 jua lilipatwa, na jua hupatwa mwezi ukiwa gizani tu. Ongeza siku 29 na nusu, unafika usiku wa Septemba 19. Kwa hiyo Königsberg ilisafiri katika giza totoro, na maji yalikuwa ya bamvua. Bila maji mengi, meli kubwa kama ile haivuki mafungu ya mchanga ya mlango wa mto Rufiji, ilikotokea.

Bamvua ni nini? Sisi huku hatuna kujaa na kupwa.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa gizani, mvuto wa mwezi na wa jua hushikana, maji yakapanda juu sana na kushuka chini sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti inakuwa ndogo, na watu wa pwani huyaita maji mafu.

Huko Dar es Salaam na Zanzibar, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili waliopandiana mabegani. Tena siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ukishika hilo, kwa kujua mwezi tu unaweza kukadiria hali ya maji ya siku yoyote ya vita vile. Mwalimu anayefundisha sura hii na awape wanafunzi zoezi hilo kwanza.

Kwa nini Königsberg ilijificha Rufiji badala ya kurudi Dar es Salaam?

Dar es Salaam ilikuwa imefungwa na Wajerumani wenyewe. Agosti 1914, kwa hofu ya kuvamiwa, walizamisha gati linaloelea kwenye mlango wa bandari. Baada ya Zanzibar injini moja ya Königsberg iliharibika, na Rufiji ilikuwa na mikoko mirefu ya kuficha milingoti na milango mingi inayopindapinda. Vipuri vizito vilishushwa, vikaburutwa na wapagazi nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ileile. Kazi hiyo ya misuli, kwenye tope na mbu, haitajwi vya kutosha.

Ilichukuaje zaidi ya miezi minane kuimaliza?

Manowari Chatham iliigundua Oktoba 30, 1914. Iliangamia Julai 11, 1915. Katikati hapo Waingereza walijaribu njia moja baada ya nyingine.

Kwanza, meli zao kubwa zilikuwa na kina kirefu, hazikuweza kuingia mtoni, na kutoka nje mizinga haikufikia. Novemba 10 walizamisha meli ya makaa, Newbridge, kwenye mlango mmojawapo ili kuuziba. Delta ya Rufiji lakini haina mlango mmoja.

Pili, walileta ndege. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, kitambaa na gundi, na joto na unyevu wa pwani yetu viliachanisha gundi. Januari 1915 waliteka kisiwa cha Mafia, wakapata mahali pa kurusha ndege karibu na delta.

Tatu, walizivuta kutoka Malta manowari mbili bapa, Severn na Mersey. Zilitengenezwa kwa ajili ya mito, zinaelea kwenye maji ya mita mbili hivi, na kila moja ina mizinga miwili ya inchi 6. Hizi zingeweza kuingia.

Julai 6 ziliingia alfajiri. Adui hakuonekana kwa sababu ya mikoko, hivyo ndege ilizunguka juu na kutuma kwa redio herufi chache: risasi imepita, imepungua, imekwenda kulia, imekwenda kushoto. Tatizo likawa hili: manowari zote mbili zilipopiga kwa wakati mmoja, aliye juu hakujua risasi iliyoanguka ni ya nani. Marekebisho ya Severn yakamfikia Mersey, na kinyume chake. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji juu ya miti kando ya mto, wakielekeza mizinga yao kwa usahihi hadi Mersey ikapigwa. Siku nzima ziliruka risasi zaidi ya 600, zilizogonga zikahesabika kwa vidole.

Julai 11 zilirudi zikiwa zimejifunza: safari hii kila moja ipige kwa zamu. Ilikuwa siku moja kabla ya mwezi kuwa gizani, kwa hiyo maji ya bamvua yalikuwa yakijaa walipoingia karibu na saa 6 mchana. Ndege ilipigwa na injini ikafa, lakini mtazamaji aliendelea kutuma marekebisho huku wakishuka, hadi wakaanguka mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Muda mfupi baadaye Königsberg ilikuwa inawaka, na Looff akaamuru ilipuliwe.

Mzinga wa meli unageuzwaje kuwa wa nchi kavu?

Hili ndilo swali tunalolipenda, kwa sababu jibu lake linaonyesha ufundi halisi.

Melini mzinga umesimama juu ya nguzo ya chuma iliyofungwa kwa boliti kwenye sitaha. Ukifyatuliwa unarudi nyuma kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo inamezwa na mwili wa meli. Nchi kavu hakuna meli. Ukiuweka mtutu juu ya magurudumu tu, risasi ya kwanza itaupindua. Unahitaji gari la mzinga: ekseli nene, magurudumu mapana yasiyozama kwenye mchanga, na mkia mrefu wa chuma unaokaa chini nyuma yake ukiwa na jembe la kuchimbia ardhini ili kuzuia kurudi nyuma.

Mzinga wa Königsberg ulikuwa na mtutu wenye urefu wa mara 40 ya kipenyo chake, yaani zaidi ya mita 4. Mtutu peke yake ulizidi tani moja. Risasi yake ilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi. Mizinga yote 10 iliopolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam na kutengenezewa magari kwenye karakana. Baruti ilitoka kwenye akiba ya meli na kwenye shehena ya Rubens, meli iliyojifanya ya Denmark ikapenya hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Rubens ilipigwa na kuingiwa maji, kwa hiyo risasi nyingi zililowa. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Ndiyo maana nyingine hazikulipuka zilipofyatuliwa.

Ng'ombe wa kukokota walikufa kwa mbung'o. Iliyobaki ni mabega ya watu: mamia ya wapagazi kwa mzinga mmoja, wakivuta kwa kamba kupanda vilima na kuvuka korongo. Penye reli mzinga ulipakiwa kwenye behewa. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye meli ya ziwani, na mwingine ulipotea mapema, huko Kahe, Machi 1916.

Ni kweli mzinga wa Königsberg ulipigwa Kondoa?

Ni kweli. Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini aliiteka Kondoa Irangi akitokea Arusha, akilenga kuikata Reli ya Kati. Kabla hajasonga, masika yakamkamata. Mito ikajaa, barabara ikawa tope, farasi na nyumbu wakafa kwa magonjwa, na chakula kikachelewa wiki nyingi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akaona nafasi. Alileta vikosi kwa reli hadi huku kwetu, vikatembea kwenda kaskazini, vikashambulia usiku wa Mei 9 kuamkia 10, huku mizinga ya meli ikipiga kutoka vilimani. Shambulio lilishindwa na wengi wakafa. Mvua zilipokwisha van Deventer akashuka, na Julai 29, 1916 Dodoma ikawa mikononi mwake.

Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus pale Zanzibar wakaitumia nchi kavu. Meli zote mbili zilikuwa chini ya maji, mizinga yake ikaendelea kupigana bara.

Tanga 1914: askari 8,000 walishindwaje na 1,000 hivi?

Mpango ulikuwa wa Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza, na makosa yalianza kabla mtu hajakanyaga mchanga.

Novemba 2 nahodha wa manowari Fox aliingia mbele na kuwaarifu Wajerumani kwamba mji utashambuliwa wasiposalimu amri, kisha akauliza kama bandari ina mabomu ya majini. Swali lile liliwapa wenyeji wake muda waliouhitaji. Lettow-Vorbeck alipakia vikosi Moshi kwenye treni za Usambara na kuvishusha Tanga.

Askari wengi wa Aitken walitoka India, wamekaa wiki kadhaa ndani ya meli zilizojaa, wakitapika. Baadhi walikuwa wamepewa bunduki wasizozizoea. Aliwashusha Ras Kasone, penye mwamba na mikoko, badala ya gatini. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na kwa hesabu ya bamvua maji yalipwa karibu na saa 4 usiku, kwa hiyo matishari yasingeweza kusogea ufukweni. Watu waliingia majini na mizigo kichwani. Novemba 3 kikosi cha kwanza kilisukumwa nyuma. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck alizunguka mji kwa baiskeli kwenye mbalamwezi akipeleleza, akajua pa kuweka bunduki zake za rashasha.

Mchana wa Novemba 4 Waingereza walisonga kupitia mashamba ya mpira na mkonge bila kuonana. Kikosi kimoja kiliingia mjini, kingine kikakimbia, pengo likabaki katikati, na askari wa Lettow-Vorbeck wakapita humo. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli na kuondoka, wakiacha bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Jeshi la Mjerumani lililokosa silaha lilivalishwa upya na adui yake.

Ni kweli nyuki waliwafukuza Waingereza? Walifugwa kwa kusudi hilo?

Nyuki walikuwapo na waliuma sana, pande zote mbili. Hawakuwekwa na mtu kwa ajili ya vita. Wafugaji wa Manyoni na Singida wataelewa haraka: miti ya pale ilikuwa na mizinga ya magogo, risasi za rashasha zikaipasua mchana wa jua kali, saa ambayo hakuna mrinaji anayethubutu kugusa mzinga. Nyuki mmoja akiuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake kuuma palepale. Anayekimbia na kupunga mikono anazidi kuwavuta. Kiswahili chetu kinaita silaha ya manowari na nyumba ya nyuki kwa neno moja, mzinga, na Tanga ilikuwa na vyote viwili. Hata hivyo vita ile iliamuliwa na siku mbili zilizopotezwa pamoja na reli, nyuki waliongezea tu.

MV Liemba ilipita Dodoma?

Ilipita ikiwa vipande. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafiri hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza waliiopoa 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Grisi ile ndiyo iliyoiokoa.

Vita vya Pili je?

Mei 5, 1942 Waingereza walishuka Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska, wakihofia Wajapani wasiweke nyambizi pale. Hofu ilikuwa ya kweli: usiku wa Mei 30 nyambizi ndogo za Japani ziliingia bandarini, zikaharibu manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Baadaye mwaka huo brigedi ya Afrika Mashariki iliyokuwa na kikosi cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) kutoka Tanganyika ilipigana kisiwani hadi Novemba.

Msiba mkubwa ni wa Khedive Ismail. Februari 12, 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na Maldivi na kuzama ndani ya dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina yao yako kwenye ukumbusho wa Nairobi.

Kwa nini tufani ni nadra pwani yetu?

Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, ambalo tunalo, na msokoto unaotokana na mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta ni dhaifu. Tanga iko nyuzi 5 kusini, hapo msokoto ni kidogo. Kadiri unavyoshuka Lindi na Mtwara, hatari inapanda. Madagaska nayo inavunja nguvu ya vimbunga vingi vitokavyo mashariki.

Nadra si kamwe. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja meli za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika zaidi, na karafuu ikahamia huko. Aprili 15, 1952, tarehe ileile, Lindi ilipigwa. Kenneth ilipita kusini kidogo ya mpaka wetu Aprili 2019, na Hidaya ikafika Mafia Mei 4, 2024. Vyote vimekuja upepo wa kaskazi ukikoma na wa kusi ukianza. Dodoma upepo wake haufiki, ila kimbunga kikiwa kwenye mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagaska kinaweza kuvuta unyevu na kutuachia ukame wa wiki nzima katikati ya msimu. Mkulima wa uwele na asikilize taarifa ya TMA hata inapotaja Madagaska.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Nitapata wapi habari zake?

Wapagazi wengi hawakuandikwa majina, kwa hiyo anza nyumbani. Waulize wazee kwa kutumia Mtunya kama alama, yaani njaa iliyoikumba Ugogo 1917 hadi 1920 baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na nguvu kazi, kisha mvua ikakosekana. Uliza: alikuwa na watoto kabla ya Mtunya? Alirudi kabla au baada? Andika jina la kijiji, la mtemi wa wakati huo na la aliyeondoka naye. Ukiwa na hayo, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kama alikuwa askari wa Vita vya Pili na alifia vitani, tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni bila malipo. Jaribu tahajia zaidi ya moja, maana karani aliandika alivyosikia.

Nimeokota risasi kubwa ya zamani shambani Kondoa. Nifanye nini?

Usiiguse, usiisogeze, usiiuze kwa mnunua vyuma chakavu. Kutu haiui baruti, na risasi iliyokataa kulipuka 1916 kiwashio chake bado kipo. Weka matawi umbali wa hatua mia, zuia watoto na mifugo, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Mizinga ya Königsberg iko wapi leo?

Mitatu inajulikana. Mmoja uko Pretoria, mwingine Jinja, Uganda. Wa tatu uko Fort Jesus, Mombasa, na hapohapo ngomeni upo mzinga wa Pegasus.